Masikio ya Kisyeri

Miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazima kichaa kule Nyamongo, kabla kampuni kubwa hazijaja na uzio wao, jina la Kisyeri wa Kerende lilijulikana kuliko la mwenyekiti wa kijiji. Hakuwa tajiri. Hakuwa na misuli ya kutisha mtu. Alikuwa na masikio, basi.

Asubuhi, kabla mtu yeyote hajashuka kwenye duara, yaani shimo lao la kuchimbia, Kisyeri alitangulia peke yake na mtarimbo mfupi. Akifika chini aligonga mwamba wa juu, akanyamaza, akasikiliza. Mwamba mzima hulia, na mlio wake mwembamba hubaki hewani kidogo. Mwamba uliopasuka ndani hauna mlio, huitika kizito kama mtungi wenye ufa. Akiridhika alipaza sauti, "Unalia!" na wenzake wakashuka. Akisema umekufa, hakuna aliyebisha, hata kama jana yake walikuwa wameona mkanda wa dhahabu palepale. Kwa kazi hiyo alipewa kiroba cha kwanza cha mawe, na kilabuni watu walimsogezea kigoda.

Katika kundi lile mtu wake wa karibu alikuwa Nchagwa. Walitahiriwa msimu mmoja, wakasimama bega kwa bega mbele ya ngariba, na damu yao ikaanguka kwenye udongo mmoja. Kwa Wakurya hilo si jambo la kuchezea. Mwenzako wa rika ni zaidi ya ndugu. Siku ile wote wawili hawakupepesa hata jicho. Ukipepesa, mura, yaani kijana wa Kikurya, utaoa na utazaa, lakini utasimangwa mpaka mbele ya wajukuu.

Vumbi la mwamba halijui sifa za mtu. Kisyeri alianza kukohoa, akapimwa, akaambiwa ni kifua kikuu. Akapewa vidonge. Alipoona nguvu zimerudi alivitupa juu ya kabati na kurudi duarani, kama walivyofanya wengi, maana nani ameze dawa na hali haumwi? Ugonjwa ukampa muda, kisha ukarudi na damu. Safari hii mganga wa zahanati hakucheka naye. Alimwambia kwamba pamoja na vidonge atachomwa sindano kila asubuhi kwa miezi miwili, na akiruka ajue anachimba kaburi, si dhahabu.

Nchagwa ndiye aliyempeleka. Kila kulipokucha alimpakia kwenye baiskeli yake, akamfikisha zahanati, kisha akakimbilia duarani. Wachimbaji walipouliza kama watafute mgongaji mwingine, aliwakatalia. "Masikio yetu yanaumwa kifua," aliwaambia. "Yatarudi." Wakawa wanachimba pembeni, pasipo na kina, wakimngoja.

Mchoma sindano alikuwa Sista Dorka, mama wa Kijaluo kutoka upande wa Shirati, mwenye mikono myepesi na uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Kabla ya kuvuta dawa aliuliza swali lilelile, "Masikio hayalii? Husikii kizunguzungu?" Kisyeri alijibu kwamba hakuna. Mwanzoni ilikuwa kweli.

Kisha asubuhi moja, akifunga vifungo vya shati, alisikia mbu. Alipunga mkono. Mbu hakuondoka. Ulikuwa mlio mwembamba, wa mbali, nao haukutoka nje, ulitoka ndani ya kichwa chake mwenyewe. Kisyeri hakuwa mjinga. Alijua hapohapo kwamba hiki ndicho kitu anachoulizwa kila siku.

Kesho yake Sista Dorka akauliza, "Masikio hayalii?"

"Mazima," akasema Kisyeri, na akageuza nyonga.

Mtu anaulizwa kila siku ya Mungu, kwa Kiswahili cha kueleweka, na jibu analo mdomoni, halafu analimeza pamoja na vidonge. Hasira inanipanda hata sasa. Lakini sikilizeni na upande wake. Yeye lile swali alilisikia kama kisu cha ngariba. Mwanamume aliyesimama bila kupepesa, leo amwambie mwanamke wa kando ya ziwa kwamba kijisindano kimemshinda? Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na woga. Alidhani akisema ukweli watamkatizia dawa zote, na damu irudi. Au habari itafika duarani, na Kisyeri asiye na masikio ni nani? Hakuna aliyemweleza kinachofanyika mtu akijibu ndiyo. Sista Dorka alikuwa na foleni mpaka mlangoni, akaambiwa mazima, akachoma.

Na dawa ilifanya kazi, jamani, hapo hatuisingizii. Damu ilikatika. Kikohozi kikaisha, mashavu yakarudi, akaanza kumaliza ugali wake. Ila alipotembea aliyumba kidogo, hasa gizani, na watu wakamtania kwamba ameamkia gongo. Alicheka pamoja nao. Mkewe Nyangi alipomwita mara mbili bila kuitikiwa, alidhani ni kiburi cha mtu aliyepona.

Sindano zilipokwisha, vikabaki vidonge vya miezi iliyosalia, Kisyeri akarudi duarani. Wenzake walimpokea kwa shangwe. Akashuka na mtarimbo wake, akagonga mwamba, akasikiliza, na mwamba ukalia. Akagonga pengine, ukalia. Siku zile kila mwamba ulilia, maana mlio alikuwa nao kichwani, unamngoja hata kabla hajagonga. Walichimba, wakapata, wakasema masikio ya Kisyeri yamerudi yakiwa makali kuliko zamani. Naye alijua. Mbele za Mungu, alijua. Ila siku ya kwanza ilipita salama, na ya pili, na mtu akishavuka mto mara mbili huanza kuona hauna mamba.

Ikafika asubuhi ya kufungua upande mpya, wenye kina. Kisyeri aligonga. Mlio. Akagonga tena kwa nguvu, akaweka kiganja juu ya jiwe, na kiganja kikamwambia jambo ambalo sikio halikumwambia, kwamba jiwe lile limetikisika kama kitu kilicholegea. Alisimama hapo akisitasita. Juu, kwenye mdomo wa duara, aliona kichwa cha Nchagwa kimechungulia na midomo yake inachezacheza. Hakusikia anachouliza, lakini swali lilikuwa moja tu siku zote. Angeweza kusema hajui. Neno dogo tu.

"Unalia!" akasema Kisyeri.

Nchagwa alishuka wa kwanza, akampiga begani, akapita. Kisyeri aligeuka kuchukua kiroba chake. Kilichomshtua ni ardhi iliyoruka chini ya nyayo zake, kisha vumbi. Walifukua mpaka jua likawa kichwani, wakamtoa Nchagwa akiwa amekufa.

Msibani, Robi, mjane wake, alimwendea Kisyeri alipokuwa ameketi na wanaume. Desturi ya duara ni kwamba aliyeugonga mwamba ndiye anayeieleza nyumba ya marehemu kilichotokea.

"Shemeji, wewe ndiye uliyeusikiliza," alisema, akimtazama usoni. "Ulisemaje?"

"Ulilia," akajibu Kisyeri.

Tena hakudanganya, hapo ndipo uchungu ulipo. Robi aliinamisha kichwa, akasema basi ni Mungu, tufanyeje. Na tangu siku hiyo, kwa kuwa marehemu alitaka rafiki yake apone, alimtumia kila asubuhi maziwa ya kusindikizia vidonge. Kisyeri aliyanywa. Sijui yalipitaje kooni, lakini aliyanywa.

Siku ya kumaliza dawa, Nyangi alimsindikiza zahanati, maana kufikia hapo bila mtu wa kumpigia kelele hakuambulia neno. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kusema kwa sauti ya juu, kama wafanyavyo viziwi, pasipo kujua. Kwenye benchi la nje walimkuta Robi na mtoto mgongoni, amekuja kumpima uzito. Alimsalimia shemeji yake kwa mikono miwili.

Ndani, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya joto, Sista Dorka alitazama majibu ya makohozi, akatabasamu. Amepona. Kifua ni kisafi. Halafu kwa mazoea tu akauliza, "Na masikio?"

Kisyeri aliisoma midomo ile. Alikuwa ameisoma asubuhi nyingi. Sijui ni nini kilichomlegeza, labda neno lile la kupona, labda yale maziwa.

"Yanalia," alisema, na sauti yake ikatoka mpaka benchini. "Yalianza zamani, kwenye sindano. Hata siku ile ya Nchagwa yalikuwa yanalia. Niliogopa mtanikatizia dawa."

Sista Dorka aliketi. Akaongea polepole, akiutazama mkono wake wa kuume, ule wa kuchomea sindano, na Kisyeri akamgeukia mkewe.

"Anasemaje?"

Nyangi alikuwa ameshazoea kupiga kelele. Alipeleka mdomo kwenye sikio la mumewe na akayapaza maneno kama alivyoyasikia, kabla hajayafikiria.

"Anasema ungesema! Wangeacha sindano tu! Vidonge vingeendelea, na ungepona na masikio yako!"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema kilio hicho kitatoka nyumba ya nani.

Kisyeri alipotoka aliwakuta watu wote wamemwelekea, na Robi amesimama, anamkaza mtoto mgongoni kwa kanga. Alifunga fundo taratibu, akalivuta, akainua uso. Akasema jambo. Halikuwa refu. Midomo yake ilicheza kidogo tu, na Kisyeri, aliyejifunza kusoma midomo ya watu, safari hii hakuweza kuisoma. Kisha Robi akashika njia ya kwao bila mtoto kupimwa.

"Amesema nini?" Kisyeri aliuliza.

Nyangi aliangalia chini.

"Nyangi, nakuuliza. Amesema nini?"

Nyangi alimshika mkono akamwongoza barabarani, na mpaka wanafika nyumbani hakumjibu.