Spika Nne za Baba Mdogo

Harufu ya amplifaya inayoungua naijua tangu nikiwa darasa la nne, Runzewe: kama plastiki iliyotupiwa kwenye mkaa. Amplifaya yetu ya gitaa la besi aliiacha marehemu baba, na kwaya ya mama iliitegemea kila Jumapili. Mwaka ule, baada ya mavuno, baba mdogo Masanja alikuja kuiazima kwa mashindano ya ngoma. Kwetu vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Kitakachovuta watu wengi ndicho mshindi. Alikuja kifua mbele, utadhani mashine kaizaa yeye.

Mama alimwonyesha maandishi nyuma ya mashine, ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. "Shemeji, isishuke chini ya omu nne. Spika zako ni omu nane kila moja. Ukiunga mbili sambamba unapata nne, basi. Ukiunga nne zinabaki omu mbili, utaiunguza."

"Omu umezijulia jikoni, shemeji?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Bwege yule! Kichwani mwake spika zikizidi, heshima nayo inazidi. Kwamba kila moja inazidi kuinyonya mashine, hilo halikumwingia.

Akaunga zote nne. Besi ilinguruma, watu wakahamia kwetu wakitimua vumbi. Hata nyimbo tatu hazikufika: moshi, kimya, na umati ukarudi kwa wapinzani ukizomea. Ujinga ningemsamehe. Lakini alimnyooshea mama kidole mbele ya kadamnasi: "Huyu hapa! Alininuizia maneno kabla sijatoka!" Maneno yenyewe ni omu nne, jamani. Kwetu mjane akishatajwa hivyo, ndiyo basi tena. Wanakwaya wakaanza kumkwepa, na mama akaacha kuimba.

Leo natengeneza amplifaya karibu na machimbo ya Bulyanhulu, na mama hushinda nami dukani. Mwezi uliopita baba mdogo alikuja na yake, mvi kichwa kizima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wameniroga tena."

"Umeunga spika ngapi?"

"Nne."

Mama alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. Nikamwambia baba mdogo, "Nitaitengeneza. Kwanza mwambie mama, siku ile ya mashindano zilibaki omu ngapi."

Akaiacha mashine mezani, akaondoka. Mtu mzima, neno moja tu limemshinda. Mashine yake iko rafuni mpaka sasa. Mama huifuta vumbi kila asubuhi, huku akiimba.