Nionyeshe kwa Mkono

"Mamkubwa, kwa nini hutaki wagonjwa wakwambie wanaumwa nini?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa darasa la nne, likizo ya Juni, nimekaa juu ya boksi la glavu katika kijiji kimoja nje ya Kondoa. Mamkubwa Loisi ni dada wa mama yangu, nesi wa hospitali ndogo ya jamii. Kila Alhamisi wanatoka na gari kwenda vijijini kupima watu presha na sukari, wenyewe wanaita huduma ya mkoba. Alinituma maji ya kunawa.

Lakini mimi nilikuwa nimeona. Mtu akikaa tu na kusema, "Nesi, naumwa chembe," Mamkubwa anamkatiza.

"Usinitajie. Nionyeshe kwa mkono."

Maana huku chembe ni neno la kila kitu. Umelala na njaa, chembe. Maharage yamekukataa, chembe. Kifua kinabana, chembe. Wengine wanasema kabisa "chembe ya moyo", na wanamaanisha tumbo!

"Nimekuja kutibiwa, sikuja kucheza ngoma," mzee mmoja alimjibu siku hiyo, foleni nzima ikacheka.

"Cheza kidogo tu, babu. Mkono uweke panapouma."

Kisha anauliza: jasho linatoka? Maumivu yanapanda kwenye taya? Mkono wa kushoto je? Akiwa na shaka hata kidogo anamlaza mtu, anambandika nyaya za mashine ya moyo, ile inayotoa karatasi yenye mistari. Dereva wao, Ernest, alikuwa hachoki kumtania: "Loisi, leo hata mwenye funza utampima moyo?"

Mwaka huu nimefika kidato cha tatu, na likizo nikaenda tena. Sasa nilipewa kazi ya kuandika majina. Saa nne asubuhi akaja mama Shamila, yaani Bi Khairat, muuza ufuta, ameshikwa mkono na binti yake. Alikuwa anatembea polepole na mtandio umelowa shingoni, wakati asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kuvaa sweta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Mamkubwa. "Da Loisi, ni chembe tu. Nipe vile vidonge vyeupe vya kutafuna. Vile ulivyompa marehemu."

Marehemu ni mume wake, Jamaldini, fundi cherehani. Nilijua, kama wote wanavyojua, kwamba alianguka ghafla kwenye cherehani yake miaka kumi na moja iliyopita. Sikujua kwamba siku hiyohiyo alikuwa ametoka hospitali. Wala sikujua nani alimhudumia.

Mamkubwa alisukuma kando kipimo cha presha.

"Nionyeshe kwa mkono, mama Shamila."

Bi Khairat akakunja ngumi, akaiweka katikati ya kifua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Nyaya zikabandikwa, karatasi ikatoka, Daktari Yotham, tuliyekuja naye, akaitazama mara moja tu. "Moyo unakosa damu. Aspirini, atafune sasa hivi. Ernest, washa gari!"

"Si ndivyo nilivyosema, vya kutafuna?" Bi Khairat alisema, akijaribu kucheka. Mamkubwa hakucheka. Alipanda naye nyuma, wakaenda moja kwa moja hadi Dodoma, kwenye hospitali kubwa wanakoweza kuzibua mshipa.

Jumapili Shamila alipiga simu. Mama yake amezibuliwa, anakunywa uji, anawagombeza manesi. Nilirukaruka sebuleni. Mamkubwa alisema alhamdulillahi kama wanavyosema kina Shamila, ingawa yeye ni Mwanglikana, akarudi uani kubangua karanga. Nilimfuata. Nilitaka afurahi na mimi, na alikuwa hafurahi, kwa hiyo nikamwuliza tena lile swali la darasa la nne.

Alibangua karanga tatu nne hivi.

"Kwa sababu Jamaldini aliniambia chembe," alisema. "Na mimi neno hilo nimekua nalo, nikajiona najua. Nikaandika vidonda vya tumbo, nikampa vidonge, nikaita mwingine. Mke wake mpaka leo ananishukuru kwa vile vidonge, na sijawahi kumwambia. Halafu usidhani sikuona. Ngumi ilikuwa hapa hapa kifuani, kama ya mkewe. Niliiona. Nikamwambia ateremshe mkono, nimpime presha."