Swali Nililomrushia Mama Brayo

Nakumbuka alasiri moja huko Tassia, mwanangu, niliyoitumia vibaya na ambayo bado naishukuru. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Mamako mdogo ana haki hiyo hata kabla ya kuota mvi. Dada yangu ananiambia siku hizi unauliza mezani: kama Mungu yupo na ni mwema, mbona watoto wanakufa? Nilifurahi, kisha nikaogopa kidogo.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma falsafa. Jirani yetu wa orofa ya tatu, Mama Brayo, alikuwa amefiwa na mwanawe wa miaka minne kwa nimonia. Kila siku kabla ya kusafirisha mwili kwao Busia, majirani tulikutana uani mwa ploti yetu ya nyumba za kupanga kwa nyimbo na maombi, na kila mtu kwa zamu akatoa neno la faraja. Alasiri hiyo mhubiri alisema Mungu alihitaji ua bustanini mwake. Nikachemka.

"Haya, msomi wetu!" jirani mmoja akaniita. "Tupe neno, lakini lisiwe la Kiingereza!"

Nikasimama. "Kama Mungu angeweza kumponya Brayo na hakutaka, wema wake uko wapi? Na kama alitaka akashindwa, tunamwomba nini?"

Mama Brayo aliinuka, akapanda kwake. Mimi nikaketi nikijiona shujaa. Kweli ulimi hauna mfupa.

Bi Zainabu, mama wa Kiislamu aliyeuza matumbo ya mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko, ndiye aliyepika chai ya matanga yale ya Wakristo. Akaniita kando ya jiko.

"Binti, swali lako ni zuri. Ulikuwa unamuuliza nani?"

"Mungu, bibi."

"Alikuwa amekalia kiti kipi? Mimi nimemwona Mama Brayo tu." Akanipa kikombe. "Mpelekee. Na usishuke mbio."

Nilikuwa nimepanga kuomba radhi kwa maneno mengi. Yote yakayeyuka mlangoni. "Nisamehe, mama."

"Hilo swali nimelala nalo siku nne," alisema. "Wewe umeliuliza ukamaliza. Mimi nitaenda nalo hadi Busia."

Kisha akanisogezea nafasi kitandani. Tulikunja nguo za Brayo, moja baada ya nyingine. "Hii aliikataa," akasema, "ati ni ya wasichana." Akacheka, akalia, na mimi nikalia naye mpaka giza likaingia.

Jibu sijalipata hadi leo, mwanangu. Ninasoma, ninabishana, kanisani ninaingia na shaka zangu. Lakini nawashukuru wanawake wale wawili: mmoja alinirudi bila kuniaibisha, mwingine alinifungulia mlango nisiostahili kufunguliwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi wengine tunausoma tu.

Basi uliza. Kuuliza si ujinga, na asikutishe mtu. Ila usilifanye jeraha la mwenzako kuwa ubao wa kuandikia hoja zako. Ukimuuliza aliyefiwa Mungu yuko wapi, uwe tayari kukaa naye baada ya swali, kwa muda atakaoutaka yeye.

Akili yako isichoke, na moyo wako usikauke. Yule aliye juu, kama yupo, akulinde. Na kama hayupo, tukulinde sisi tulio hapa.