Mwenyekiti wa Sofa Moja

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na naomba ieleweke mapema kwamba alikuwa hodari. Alizijua nyumba zenye mbwa wakali, na zile ambazo mwenye nyumba ni mkali kuliko mbwa wake. Miguu yake ililowa kama yetu sote wasoma mita, kwa sababu vishimo vya mita hujaa maji machafu na idara ilikuwa ikitupa ahadi badala ya mabuti. Siku moja akavua viatu vyake vilivyooza, akavitua juu ya meza ya meneja, juu ya mafaili kabisa, akasema havitoki hapo mpaka aone mabuti. Mabuti yakaja. Tukamchagua kuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, na jina tukampa, Mabuti. Kusema kweli, siku ile nilijivuna kwamba dada yangu ameolewa na mtu.

Kosa letu lilikuwa kumpa chumba. Kwa utaratibu wa chama, mwenyekiti hupewa ofisi na kupunguziwa kazi ili ashughulikie shida za wanachama. Wakampa iliyokuwa stoo ya mabomba, mwisho wa korido. Akaipaka rangi, akaleta sofa, sijui alilitoa wapi, akabandika kibao mlangoni. Kazi ikapunguzwa, ikapungua, ikaisha. Ukienda na shida yako unamkuta amejilaza, gazeti kifuani, anakwambia, "Nimeipokea." Kwa kupokea alikuwa fundi. Dada yangu ni mfagizi katika jengo hilohilo, na ndiye aliyekung'uta vumbi la sofa lile kila asubuhi. Nyumbani alimwita baba watoto, lakini akivuka kile kizingiti alimwita Mwenyekiti, kama sisi wengine.

Kisha yakaja mageuzi. Wakubwa walitutangazia kwamba ajira ya kudumu imepitwa na wakati. Wafagizi, walinzi, mafundi bomba na wasoma mita tungehamia kampuni ya wakala, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kazi ileile, jengo lilelile, ila mwajiri mwingine. Ilihitajika sahihi ya chama. Mabuti aliingia kwa meneja ametunisha kifua, akatoka anatabasamu, na mimi tabasamu lile sikulipenda. Tukakusanyika gereji, akapanda juu ya tangi bovu.

"Ndugu zangu, mkataba si wa kuogopa! Mtu wa mkataba kila mwaka anaulizwa kama bado anaitaka kazi. Nyie wa kudumu, nani amewahi kuwauliza?"

Watu wakapiga makofi. Fundi bomba mmoja, mtu mzima, akauliza, "Na wewe Mwenyekiti, unahama lini?"

"Mimi?" Sauti ikashuka. "Mimi nimejitoa mhanga. Nabaki kwenye ajira ya kudumu, na chumba changu, ili niendelee kuwatetea."

Kujitoa mhanga juu ya sofa! Lakini ndiye aliyetuletea mabuti, kwa hiyo mikono ikanyooshwa, naye akasaini siku hiyohiyo. Katiba ya chama aliijua kwa moyo, ila kifungu kimoja kilimpita: mwanachama wa tawi lazima awe mwajiriwa wa idara. Kwa kalamu moja alitutoa sote chamani, mkewe akiwemo, akabaki peke yake, mwenyekiti, katibu na mkutano mkuu. Alipogundua hakushtuka hata kidogo. Alifurahi kwamba malalamiko yamepungua.

Sasa, dada yangu ana namna yake ya kupiga deki. Akimaliza korido huketi kwenye ngazi, ndoo pembeni, akiilinda sakafu mpaka ikauke, maana bila hivyo wasoma mita tunapita na matope yetu na kazi inaanza upya. Miaka yote idara nzima ilijua: mama akiwa ngazini, zunguka mlango wa nyuma. Msimamizi mpya wa kampuni hakuwa anajua. Akamkuta pale.

"Umekaa saa za kazi."

"Nalinda sakafu, baba. Bado mbichi."

"Walinzi tunao. Mkataba wako umeishia hapa."

Nilikuwepo. Dada alichukua ndoo yake, akaenda mpaka mwisho wa korido, akabisha hodi kama mtu baki.

"Mwenyekiti, nimefukuzwa kazi."

Mabuti akaketi wima. Nilimwona akifungua mdomo kusema ameipokea, akaufunga. "Mama watoto," akasema, "wewe... si mwanachama."

"Nani kanitoa?"

Mabuti akainuka, akavaa koti, akaenda kwa meneja kwa hasira ya kweli, ile ya siku ya viatu, hata nikamhurumia. Mlango aliuacha wazi, nami nikasikia yote.

"Umekuja kama nani?" meneja akauliza kwa upole.

"Kama mwenyekiti."

"Wa nani?"

"Basi kama mume!"

"Ndoa zenu siziingilii. Na yule mama si mfanyakazi wangu. Ni wa kampuni, na kampuni haijadili mtu wake na mtu wetu."

"Basi nihamisheni na mimi! Chumba chukueni!"

"Kuhamisha mtu lazima kupitie chama chake."

"Chama ni mimi!"

"Basi kaeni kikao," meneja akasema, akavuta kikombe chake cha chai.

Dada alikuwa bado koridoni. "Amesemaje?"

"Amesema... tufuate utaratibu."

Nilitegemea atamtukana, na ningemsaidia. Badala yake akaingia chumba cha chama, akafunga mlango, akatoka amevaa gauni lake, sare ya kampuni ameikunja vizuri. Ilitakiwa irudishwe kabla hajavuka geti, na aliyefukuzwa haruhusiwi kukanyaga ofisi ya kampuni. Akamwekea mumewe mikononi.

"Wewe ni wa kudumu, wanakuruhusu. Nirudishie."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Mabuti akaipeleka. Alipita koridoni amebeba sare ya mkewe kwa mikono miwili, na watu wa mkataba tuliokuwa tumesimama ukutani tukampisha. Kijana mmoja wa ulinzi akamwambia kwa adabu, "Shikamoo, Mwenyekiti."

Akaitikia.