Damu ya mutoto wangu imesema, mimi ninanyamaza

(Mama mumoja wa Kisangani ametuandikia kwa siri. Musome mpaka mwisho mbele ya kumuhukumu.)

Niko na miaka makumi tatu na mbili, nashona nguo nyumbani, niko na bwana na watoto wawili. Naomba sana mufiche jina langu, kwani bwana yangu naye anasomaga hii page.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, binti yetu mukubwa, wa miaka saba, alikuwa anakunywa chai mbele ya kwenda masomo. Kikombe kikamuponyoka. Nikamukaripia, nikifikiri ni muchezo. Akaniangalia: mudomo umeenda upande, mukono wa kuume umelegea kama kitambaa. Alitaka kuniita, ikatoka sauti tu. Bwana yangu akamubeba kwa pikipiki mpaka hospitali.

Daktari akasema ni AVC, mushipa wa damu umeziba ndani ya kichwa. Sisi tulijua AVC ni ugonjwa wa wazee. Akasema kwa mutoto lazima watafute sababu, bila ivyo itarudia. Wakapima malaria, sukari, moyo, wakamupitisha kwa scanner. Alafu akaniuliza kama macho yake yanakuwaga manjano, kama analiaga juu ya mifupa. Nikasema ndiyo, toka mudogo, na sisi tunamupa dawa ya malaria. Wakachukua damu. Jibu likarudi: SS, ugonjwa wa damu wa selimundu.

"Hii inatoka kwa baba na mama, wote wawili," akatuelezea. "Hakuna mutu alimuloga. Atahitaji kuwekewa damu, na dawa kila siku. Akiacha, AVC ya pili inaweza kumuua."

Bwana yangu akanyoosha mukono. "Kama ni mimi nilimupa, nijue." Wakatupima wote wawili. Mimi niko AS, ninabeba nusu ya ule ugonjwa. Yeye iko AA, hana hata kidogo.

Nitasema kitu sijamuambia mutu. Mwaka wa kwanza wa ndoa, bwana yangu alikuwa kazini Opala miezi mitatu. Kulikuwa mwanaume aliyekuwa analeta samaki kutoka Isangi. Ilikuwa mara mbili, nikaacha. Bwana aliporudi, siku zilikaribiana, nikaamua mimba ni yake. Nikaamini mpaka siku ile ya jibu.

Lakini bwana yangu hakunishuku hata kidogo, na hiyo njo inaniua. Alisema: "Daktari amejidanganya. Inatoka kwa wote wawili, na mimi niko muzima. Basi si damu. Kuna mutu."

Na mutu, familia ya bwana yangu wakamupata: tante yake mujane, dada ya baba yake, aliyemulea yeye bwana yangu, anayekaa kwetu na kumusuka mutoto nywele. Ndugu za bwana yangu wakasema huyo tante alizika watoto wake wawili, sasa anakula wa wengine. Juzi wakatupa vitu vyake inje. Akanishika mukono: "Binti yangu, wewe unajua sikumufanyia mutoto kitu." Nikaangalia chini.

Daktari aliniita peke yangu. "Mama, sitamuambia bwana yako neno, hiyo ni yako. Lakini mutoto akitoka hapa, sina tena namna ya kumusaidia."

Siku ya Alhamisi bwana yangu anamutosha hospitali. Anamupeleka kwa chumba cha maombi njia ya Bengamisa, siku saba bila dawa. Nilimusihi amuache mutoto hospitali, akaniuliza kwa upole: "Wewe hautaki apone?"

Jana mutoto alitosha neno la kwanza. Alisema, "Papa." Bwana yangu akalia mbele ya wagonjwa wote.

Nikisema, ninamunyanganya mutoto papa yake akiwa kitandani, na mimi pengine nitarudi kwetu na mabegi. Nikinyamaza, wanamukatia dawa, na mama muzee anabaki kwa jirani na jina la mulozi, na mimi njo mwenye kujua. Sikuli. Maziwa ya huyu mudogo yamekauka.

Leo ni Jumanne. Matusi muniwekee, nitayasoma kisha. Mwenye alipitia njia kama hii, ao daktari anayesoma hapa, anishauri: nimuambie bwana yangu namna gani, na nianze na neno gani, ili mutoto asitoke kwa kile kitanda?