Joho la Mchungaji na Mfalme wa Ufaransa

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nasema mapema ili mtu asihangaike kunisahihisha. Kushona nilijifunza Uvira, kule Kongo, miaka miwili chini ya fundi mkali aliyekuwa akinichapa vidole kwa rula, na nilipofika Durban sikuwa na kitu zaidi ya mkasi na utepe wa kupimia. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na chumba changu cha kazi Greyville, ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama uwanja wa mbio za farasi. Hakuna aliyenipa. Watu wenye diploma walikuwa wanalinda magari barabarani, mimi wa darasa la tatu nilikuwa na cherehani tatu.

Mmoja wa hao wenye diploma alikuja kufanya kazi kwangu. Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa historia, shule ya sekondari. Mwisho wa wiki alilinda magari, siku nyingine alinipigia pasi na kushona vifungo. Vifungo vyake vilikuwa vinalegea, lakini mdomo wake haukuchoka. Redio ilikuwa imekufa, nikamwambia, "Mwalimu, kama lazima uongee, ongea kitu ambacho sikijui."

Akaanza Ulaya ya zamani. Kwanza alinipa mtawa mmoja wa Ujerumani aliyeona kanisa linauza karatasi za msamaha wa dhambi, akaandika hoja zake na kuzitundika mlangoni mwa kanisa, kisha akaitafsiri Biblia katika lugha ya watu wa kwao. Hapo nilisimamisha cherehani. Biblia yangu ni ya Kiswahili, naisoma kwa kidole, neno kwa neno, na sikujua kwamba kuna watu walichomwa moto ili mtu kama mimi aweze kusoma hivyo.

Wiki nyingi baadaye akafika kwa wafalme. Alikuwepo mmoja Ufaransa aliyesema Mungu mwenyewe ndiye aliyemweka, kwa hiyo hawajibiki kwa mtu yeyote chini ya mbingu. Asubuhi akiamka, wakubwa wa nchi walisimama chumbani kumtazama akivaa. Mmoja alishika mkono wa kulia wa shati, mwingine wa kushoto, na waligombania heshima hiyo.

"Mtu mzima anavalishwa shati," nikasema. "Na fundi aliyelishona alikuwa wapi?"

"Fundi hakuandikwa, muzee."

"Ndiyo maana siiamini historia yenu."

Akacheka, akaendelea. Babu wa mfalme huyo alikuwa amewaruhusu Waprotestanti waabudu kwa namna yao. Mjukuu akataka nchi iwe na mfalme mmoja, sheria moja, imani moja. Hakuanza na kuua. Alipeleka askari wakakae ndani ya nyumba za Waprotestanti, wale chakula chao, walale vitandani mwao, wavunje vyombo, mpaka mwenye nyumba atie sahihi kwamba ameiacha imani yake. Akisaini, askari wanahamia kwa jirani. Mwishowe mfalme akaifuta kabisa ile ruhusa ya babu yake. Wengi walikimbia, na baadhi yao meli iliwaleta hukuhuku Afrika Kusini, Cape, wakiongea Kifaransa.

Mwalimu alilisema hilo la mwisho akifurahi, kwamba sisi si wakimbizi wa kwanza wenye kuongea Kifaransa katika nchi hii. Mimi sikufurahi. Askari walikaa nyumbani kwangu Uvira siku kumi na moja. Nilijua sauti ya buti la mtu anayefungua kabati lako bila kukuuliza. Nilimwambia apige pasi.

Wakati huohuo nilikuwa na kazi kubwa mezani, joho la mchungaji wetu. Kanisa letu lilikuwa la Wakongo wengi na Watanzania wachache, tulikodi ukumbi wa shule, na mimi nilikuwa mmoja wa wazee watano wa kanisa. Mchungaji alikuwa mtu wa masomo, mwenye sauti nzuri, na kusema kweli alikuwa amesaidia watu. Mtu akifungiwa nje ya chumba kwa deni la kodi, yeye ndiye aliyekuja. Lakini mwaka ule alibadilika. Alitaka joho la mahameli ya zambarau, bitana ya dhahabu, mikono mipana. Alikuja kulijaribu siku ya Jumanne, nikamzungukia na pini mdomoni. Akatoa karatasi ndani ya mkoba, akaniita Papa, yaani baba, kama Wakongo wanavyoita watu wazima.

"Papa, hii ni katiba mpya ya kanisa. Wenzako wane wameshakubali. Jumapili mutasaini mbele ya watu."

Nikatoa pini mdomoni nikaisoma taratibu, kwa kidole, naye amesimama na mkono mmoja tu ndani ya joho. Ilisema mchungaji amewekwa na Mungu, hawezi kuondolewa na wazee wala washirika, na maneno yake katika mambo ya kanisa ndiyo ya mwisho mpaka kufa kwake. Tena ilisema watu wasikutane nyumbani kusoma Biblia bila ruhusa yake. Kwangu walikutana watu tisa kila Jumatano, tukisoma Kiswahili.

"Hapa wazee iko na kazi gani tena?" nikamuuliza.

"Kushauri."

"Na kama umekosea?"

"Mungu atanirudi. Papa, usijisumbue. Wewe iko na harusi wiki ijayo." Akatazama vazi kwenye kioo. "Mkono wa kushoto unavuta kidogo."

Hilo la harusi alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Binti yangu, mtoto wangu pekee, alikuwa aolewe Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mama yake tulimzika Kigoma, nilimlea peke yangu. Sasa alisuka nywele katika saluni ya mjini, na kijana wake alifanya kazi kiwandani Pinetown. Baba wa kijana, mkwe wangu mtarajiwa, alikuwa mmoja wa wale wazee wanne, na tangu siku ya posa alisema wazi kwamba mtoto wake haingii ndoa nje ya kanisa. Bila mchungaji hakuna harusi. Mchungaji alijua, mimi nilijua, na joho lilijaa pini zangu.

Alhamisi jioni wazee tulikutana naye. Nilikuwa nimejiandaa siku mbili. Nilisimama nikawaambia mambo haya yalishatokea Ulaya, kwamba palikuwa na mfalme wa Ufaransa aliyejisema amewekwa na Mungu, na kwamba yule mtawa wa Ujerumani alipotundika karatasi yake mlangoni, mfalme huyo akatuma askari wakamuua. Nilisema kwa nguvu. Nilidhani nimewashika.

Mchungaji akatabasamu. "Papa, huyo mtawa alikufa kitandani, mtu muzima. Na mfalme unayemsema alizaliwa karibu miaka mia moja baada ya kifo chake. Alimuua namna gani?"

Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashika goti la jirani yake. "Fundi ameshona suruali na koti la watu wawili," akasema mkwe wangu, naye hakuwa mtu wa mzaha kwa kawaida. Hoja yangu ilikuwa bado nzima, lakini hakuna aliyeiona tena. Mwalimu alikuwa amenipa hadithi mbili kwa miezi miwili, nami kichwani nilikuwa nimeziunganisha kwa sababu sina mahali pa kuwekea miaka. Mtu aliyesoma huijua miaka kama mimi ninavyoijua sentimita. Mimi nilikuwa na watu tu, na watu wote niliwaweka chumba kimoja.

"Mwenye hasaini Jumapili," mchungaji akasema wakati tunaondoka, kwa upole kabisa, "harusi yake atatafuta paa ingine."

Ijumaa nilimkuta mwalimu akiwasha pasi. Nilimwambia alichonifanyia. Hakujitetea, akauliza tu, "Sasa, muzee?"

"Wale wa Ufaransa walifanya nini? Niambie vizuri safari hii, mmoja mmoja."

Akasema wengine walisaini, wakaenda kanisani kwa mfalme na kufunga midomo wakati wa kuimba. Wengine waliacha mashamba na nyumba, wakavuka mpaka. Wengine walipelekwa kupiga makasia kwenye meli za mfalme, wamefungwa minyororo. Akaniambia pia kwamba yule babu wa mfalme alikuwa Mprotestanti mwenyewe, akabadili dini ili mji mkuu umfungulie milango, na baada ya hapo akatawala vizuri na kuwapa watu wake ruhusa ya kuabudu.

"Kwa hiyo aliyesaini alifanya vema."

"Huyo, ndiyo."

"Na wa kwenye makasia?"

"Naye watu wake wanamkumbuka."

"Unanipa kulia na kushoto. Nakuuliza wewe."

Akapuliza hewa. "Mimi Bukavu nilisaini karatasi moja, muzee. Walitaka niseme mwenzangu mwalimu ni mwasi. Nikasaini, nikapata njia ya kutoka. Usiniulize mimi."

Nilirudi mezani. Nilishona joho. Nilifikiria kulizuia, nimwambie mchungaji avae koti lake kuukuu mpaka aniozeshee binti, lakini hiyo ingekuwa kufanya kama yeye. Mkono wa kushoto niliufumua nikaurudia mara mbili. Likatoka zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushona Durban, na nilikasirika kwamba ni zuri.

Binti yangu sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la mtawa. Nilijiambia kwamba ni mambo ya wazee.

Jumapili nilifika mapema, nikamvalisha mwenyewe nyuma ya pazia la jukwaa. Nilishika mkono wa kulia, kisha wa kushoto, na nilipotambua ninachofanya masikio yaliniwaka. Alipotokea mbele, ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Katiba ikasomwa. Wazee wakaitwa mmoja mmoja, wanne wakasaini, kalamu ikanifikia. Binti yangu alikuwa mstari wa pili, na kijana wake pembeni.

Nilishika kalamu. Nasema wazi kwamba niliiweka juu ya karatasi, mpaka ikaacha nukta ya wino. Kisha nikasema, "Mimi sisaini."

Mchungaji akainama karibu yangu. "Papa, fikiri mtoto."

Nikageuka niwatazame watu. "Nimempima mchungaji mara mbili. Kifua, bega, mkono. Ni vipimo vya mtu. Anaweza kukosea kama mimi nilivyokosea Alhamisi, na wale walionicheka wanajua nilivyokosea. Mimi nilisahihishwa. Yeye nani atamsahihisha?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja nyuma alisema "eish", kama watu wa Durban wanaposhangaa, basi. Mchungaji akachukua kalamu mkononi mwangu, akawaambia watu tuombe, na katika sala yenyewe akatangaza kwamba harusi ya Jumamosi imesimama mpaka nyumba ile itakapotubu. Nilifumbua macho. Mstari wa pili kiti cha binti yangu kilikuwa kitupu.

Nilimkuta getini. Hakuwa analia.

"Ulijua tangu siku gani?" akauliza.

"Jumanne."

"Siku tano, Papa. Mukakata mambo ya ndoa yangu, wewe na yeye, kama kitambaa. Yeye hakuniuliza, na wewe hukuniuliza. Sasa tofauti yenu ni nini?"

Nilimwambia kama anataka, narudi ndani kusaini sasa hivi, wino bado mbichi. Akasema hapana, sasa anachagua yeye, na mimi nikae kimya.

Jioni yeye na kijana walikwenda kwa baba yake kijana bila mimi. Sijui walisema nini humo. Jumatano mkwe wangu alipanda ngazi zangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema kwenye ndoa ya serikali yeye haji, sahihi yake iko pale na hawezi kuila, lakini hatawazuia. Nilimwekea chai. Hakuinywa.

Wakaandikisha ndoa ofisi ya serikali ya Mambo ya Ndani siku ya Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi ilifungwa. Tulikuwa watu saba. Shahidi mmoja alikuwa mwalimu, ndani ya koti nililomkopesha. Gauni nilikuwa nimelishona kwa ajili ya kanisa, lina mkia mrefu, na katika korido ile ya mabenchi watu waliokuwa kwenye foleni walilazimika kuinua miguu ili lipite. Mama mmoja wa Kizulu alishika mkia akamsindikiza nao mpaka mlangoni, bila kuombwa.

Kwenye ngazi, tukitoka, binti yangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ungekataa kama wale wazee wasingekucheka?"

Angeweza kupewa uongo mzuri siku ile, lakini nilikuwa nimeshamficha mambo ya kutosha.

"Sijui," nikamwambia. "Labda ningesaini."

Akaninyooshea mkono nimshushe ngazi, maana lile gauni lilimziba miguu, nami nikamshusha.