Mfupa wa Kujazia Taya

Watu hudhani mwenye bucha haogopi kitu. Waongo! Mimi nimepasua mifupa hapa Kinoru tangu ndevu hazijaniota, na ndiyo maana daktari wa meno aliponitajia skrubu nilikishika kiti kwa mikono miwili.

Alikuwa ametoka kuning'oa magego mawili ya chini, upande wa kushoto. Binti mpole, sauti ya chini. Akanieleza kwamba ufizi utafunga katika wiki chache, lakini shimo lililo ndani ya mfupa huchukua miezi mitatu, minne kujaa.

"Ukitaka meno ya kuvaa na kuvua, tutasubiri ufizi utulie ndipo tuchukue kipimo. Ukitaka ya kudumu, rudi baada ya miezi mitatu, tutoboe taya kidogo tupande skrubu ya kushikia jino. Lakini usikae sana, mzee. Mfupa usio na jino hukonda."

Kutoboa taya kidogo! Kidogo ya nani? Mimi najua mfupa unavyolia. Najua unga wake, najua na harufu yake msumeno ukipita. Nikaitikia "sawa, sawa," nikatoka mbio na pamba mdomoni.

Miezi mitatu ikafika, nikasema ni mfungo. Kweli ilikuwa Ramadhani, lakini baada ya Idi nani alinizuia? Nikasema kuna harusi nyingi, nyama inatakiwa. Mke wangu hakuchoka kunisuta: "Wewe mwanamume, unaogopa sindano na kila asubuhi una panga mkononi?" Nikamjibu kwa ukali, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nikatafuna upande mmoja mwaka mzima na zaidi. Ulimi ukienda pale penye pengo, nilihisi ufizi umebonyea, nami nikazidi kuogopa.

Siku moja nikawa napasua kichwa cha ng'ombe mzee, cha supu. Upande mmoja wa taya haukuwa na magego, na mfupa wa pale ulikuwa umeisha, umebaki mwembamba kama ukingo wa sahani. Nikaliweka panga chini. Mteja akauliza, "Vipi, kimeoza?" Nikamwambia ni kizima. Nikavua koti jeupe, nikaenda kliniki na damu ya ng'ombe kwenye viatu.

Daktari akapiga picha, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Umechelewa, mzee. Skrubu haina pa kushika. Hata meno ya kuvaa yatakuwa yanateleza. Itabidi tuongeze mfupa kwanza."

"Mfupa upi? Wangu?"

"Huu tunaununua. Umetolewa kwa ng'ombe, ukachomwa, ukasafishwa, ukasagwa."

Ya Rabi! Nikamuuliza pale pale, "Nani alimchinja?"

Hakujua. Unatoka nje ya nchi, akasema. Nami badala ya kuhuzunika, moyo ukatulia. Nimepata mlango wa kutokea! Nani angemlaumu Mwislamu anayeuliza halali? Hata mke wangu angenyamaza. Nikaenda msikitini kumuuliza shehe, na njia nzima nilijua vizuri kwamba si dini iliyonipeleka. Nilikuwa naitafuta dini inifiche.

Shehe akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama naumia nikila. Nikasema ndiyo. Akasema hayo ni matibabu, na mfupa umeshachomwa ukasafishwa. Hakuna ubaya, nenda ukatibiwe.

"Shehe, una hakika?"

"Nina hakika."

"Hebu fikiria tena."

Akaniangalia. Kisha akaushika mkono wangu.

"Unaogopa?"

Mwaka mzima na zaidi sikuwa nimemwambia mtu, hata huyo mke ninayelala naye. "Naogopa, Shehe," nikasema. "Wallahi naogopa sana."

Hakunicheka. Akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, akavivaa.

"Haya, twende kliniki tukaandikishe siku," akasema. "Na siku yenyewe ikifika nitakuja, nikae nje ya mlango mpaka utoke."

Nikamfuata. Sikuwa na kisingizio kingine.